Niliolewa Nyumba Yenye Iguana



 Najua leo kuna watakaocheka baada ya kuona kichwa cha habari, na wengine watashika vifua. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Lakini someni mpaka mwisho, maana nikisema iguana nazungumzia nyumba, pesa, miaka na amana, na hayo yote ni mambo ya bi harusi.

Siku hizi mabinti wengi wanaona kwenye simu mjusi wa kijani amekaa begani mwa mtu, ametulia, wanaona ni pambo. Wapo wanaomtaka kama zawadi ya harusi. Wapo wanaoposwa na vijana wa nje ya nchi ambao tayari wanafuga. Mimi ni mmoja wa hao wa pili, kwa hiyo naeleza ninachokijua kutoka ndani ya nyumba yangu.

Kwanza tumjue ni nani. Iguana wa kijani asili yake ni Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na baadhi ya visiwa vya Karibi. Si kenge wetu, maana kenge anakula vifaranga na mayai, na huyu chakula chake ni majani. Si mjusi kafiri wa ukutani pia. Porini anaishi juu ya miti, mara nyingi karibu na mito, na ni hodari wa kuogelea. Dukani anauzwa akiwa mdogo wa kujaa kiganjani, rangi yake kama jani la mgomba lililochanua jana. Lakini baada ya miaka michache dume hufika mita 1.5 na zaidi, wengine hukaribia mita 2, mkia ukichukua zaidi ya nusu ya urefu huo. Na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20.

Zishikeni namba hizo mbili, mita na miaka. Muuzaji akikuonesha kile kijusi cha kiganjani, hizo hazionekani.

Bwana wangu alipoleta posa alikuwa akiishi Northampton, Uingereza, na mimi nipo Unguja. Tulipopewa ruhusa ya kuzungumza kwa simu, kaka yangu akiwa pembeni, jambo la pili alilosema baada ya kazi yake lilikuwa hili: "Kabla wazee hawajajibu, ujue nina iguana. Ana miaka minne, anaitwa Kijani. Nilimchukua nikiwa mwanafunzi, na siwezi kumtupa." Nilimuheshimu sana kwa kulisema mwenyewe bila ya kuulizwa.

Nyumbani palichangamka. Mama alisikia neno mjusi tu, akasema, "Mjusi kwenye nyumba ya bi harusi? Hao kwetu tunawapiga ndara!" Bibi akauliza kama anang'ata. Shangazi akauliza kama kijana hana jamaa huko wa kumshauri. Kuhusu hukumu ya kufuga, tulimuuliza shekhe wetu, na wewe muulize wako, mimi si wa kutoa fatwa. Maneno yaliyonifaa zaidi alinipa somo yangu, mtu mzima aliyewafunda mabinti wengi kabla yangu. Aliniambia: "Mwanangu, usiulize kama mjusi ni mzuri au mbaya. Uliza analala wapi, anakula nini, anahudumiwa na nani, na mpaka lini. Ukishapata majibu ya hayo manne, utakuwa umemjua na mwanamme mwenyewe."

Basi nikauliza hayo manne, moja moja.

ANALALA WAPI?

Wakati ule bwana wangu alikuwa amepanga chumba kimoja na sebule ndogo, na kizimba cha Kijani kilichukua ukuta mzima wa chumba cha kulala. Nilimjibu kwa adabu lakini wazi kwamba mjusi simkatai, ila kulala naye chumba kimoja nakataa. Nikataka nyumba ya vyumba viwili, na chumba cha pili kiwe chake Kijani, mlango wake ufungwe. Malazi ni haki ya mke, hilo sote tunalijua, na hakuna ubaya kulisema mapema.

Alikubali. Kuipata nyumba ikawa shughuli nyingine, maana kule mpangaji anahitaji idhini ya mwenye nyumba ili kufuga. Wenye nyumba wawili walikubali kila kitu mpaka waliposikia aina ya mnyama, wakakata kauli. Wa tatu alikubali kwa sharti kwamba ukungu wowote ukutani tutaulipia sisi. Harusi yetu ilisogea mbele miezi minne kwa ajili ya kutafuta nyumba. Watu walisema bi harusi amecheleweshwa na mjusi. Walisema, wakachoka.

Sasa nikueleze chumba chenyewe, ili anayetaka kufuga ajue anaingia wapi.

Kizimba cha iguana mkubwa kinahitaji kwenda juu kuliko kwenda upande, kwa sababu yeye ni mnyama wa mitini. Chetu kina urefu wa mita 2 kwenda juu, upana wa mita 2, na kina cha mita 1, na hata hicho mwenye ujuzi atakuambia ni cha kuanzia tu. Ndani kuna magogo mazito ya kupandia, rafu ya kulalia karibu na dari, na karai kubwa la maji anamoweza kujitumbukiza. Vile visanduku vya kioo vinavyouzwa pamoja na kijusi humtosha miezi michache tu, baada ya hapo ni jela.

Halafu joto. Iguana hatengenezi joto la mwili wake kama sisi, analipata kutoka nje. Bila ya joto hata chakula alichokula hakisagiki tumboni. Anahitaji pahala pa kuota moto penye nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi, sehemu nyingine ya kizimba iwe nyuzi 26 mpaka 29 ili akichoka na joto apate pa kukimbilia, na usiku isishuke sana chini ya 23. Taa za joto lazima ziwe na kidhibiti cha joto na ziwekewe wavu, maana mjusi akilala juu ya taa anaungua na hatoki. Juu ya yote hayo, hewa iwe na unyevu wa asilimia 70 hadi 80, kama mchana wa masika Unguja. Kwa hiyo tunapulizia maji asubuhi na jioni, na tunafuta kuta kila wiki ili ile ahadi ya ukungu isitutokee puani.

Halafu jua. Hapa ndipo wengi wanapowaua wanyama wao bila ya kujua. Iguana anahitaji mionzi ya jua iitwayo UVB ili mwili wake utengeneze vitamini D3. Bila ya hiyo, kalsiamu iliyomo kwenye chakula haimfai. Mifupa inalainika, taya linavimba, miguu inapinda, anaanza kutetemeka, na wengi hufa. Kumweka dirishani haisaidii, kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia mionzi hiyo. Inatakiwa taa maalumu, na taa hiyo ina hila yake, kwamba mionzi hupungua mapema wakati mwanga bado unaonekana. Macho yako yanakwambia ni nzima. Bwana wangu ameandika tarehe kwa kalamu kwenye kila taa, na mwaka ukitimia inabadilishwa hata kama inawaka.

Dada zangu mlioko ughaibuni, hili linatuhusu na sisi. Jua la Uingereza wakati wa baridi halitoshi kwa binadamu pia. Huduma ya afya ya kule inashauri watu wazima wafikirie kumeza vitamini D mikrogramu 10 kwa siku majira ya mapukutiko na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi na tunaojisitiri tukitoka nje tunashauriwa mwaka mzima. Kwa hiyo asubuhi Kijani anawashiwa taa yake, na mimi nameza kidonge changu. Sote wawili ni watoto wa nchi za jua.

ANAKULA NINI?

Majani, kila siku, yaliyokatwa upya. Sukuma wiki, majani ya haradali, majani ya maboga, na boga lenyewe likikwaruzwa. Papai na embe kidogo tu, kama sisi tunavyokula halua. Mchicha na spinachi si chakula chake cha kila siku, kwa sababu vina asidi inayoshika kalsiamu isitumike. Letasi nyeupe ni maji tu. Nyama, mayai na chakula cha mbwa hapewi kabisa, ingawa wapo wanaowapa wakiona wanakua haraka. Figo zake hazikuumbwa kwa chakula hicho, na zinaharibika kimyakimya.

Pesa ya mboga si kubwa. Pesa kubwa ni ya umeme. Taa moja ya joto ya wati 150 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula yuniti 1.8. Kwa mwaka ni yuniti 657. Hiyo ni taa moja, bado ile ya UVB, bado kipasha joto cha usiku. Nyinyi mnaonunua Tukuza mnaelewa yuniti 657 ni kitu gani! Na umeme huu haukatiki kwa sababu mwezi umekuwa mgumu. Wewe utavaa sweta, yeye hawezi.

Halafu kuna daktari. Si kila daktari wa mifugo anajua mijusi. Wetu yuko mwendo wa saa nzima kwa gari, na kumuona ni ghali kuliko chakula cha mnyama cha miezi kadhaa. Kabla ya ndoa nilimuuliza bwana wangu fedha hizo zinatoka fungu gani. Akanionesha akaunti ndogo anayoiwekea kila mwezi, mbali na ya kodi na mbali na ile ya kutuma nyumbani kwao. Hapo nikaona huyu mtu ana hesabu. Asiyejua mnyama wake anagharimu kiasi gani, atajuaje mke anagharimu kiasi gani?

ANAHUDUMIWA NA NANI?

Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba Kijani ni wa bwana wangu. Yeye anasafisha kizimba, analisha, anapulizia maji, anamkata kucha. Mimi namkatia mboga akiwa safarini, na kazi yangu inaishia hapo. Mashoga zangu, semeni mapema. Nyumba nyingi mnyama huletwa na mume, huombwa na watoto, halafu hutunzwa na mama.

Sitamsingizia Kijani. Siku nyingi ni mpole, anakaa kwenye gogo lake akifumba jicho moja na kuangalia kwa jingine. Utotoni bwana wangu alimzoesha mikono kidogo kidogo kwa miezi mingi, kwa sababu iguana hazaliwi akimpenda mtu. Lakini kila mwaka kuna miezi michache ambayo dume hubadilika. Rangi yake huingia uchungwa, hutikisa kichwa juu chini, hutandaza ile ngozi ya chini ya kidevu, na kila anayeingia chumbani ni mshindani. Meno yake ni madogo lakini yana makali kama msumeno, kucha zinachana, na mkia anaupiga kama kiboko. Miezi hiyo bwana wangu huingia na glovu nene, na mimi siingii kabisa. Anayefikiri atamrekebisha kwa kumpiga atamharibu zaidi. Ni maumbile, yanapita, na kinachotakiwa ni subira na nafasi.

Sasa nisikilizeni vizuri nyinyi mnaotarajia kubeba mimba. Iguana, kobe na wanyama wengine wa jamii hiyo wanaweza kubeba bakteria wa salmonela bila ya kuumwa wenyewe. Bakteria hao wako kwenye kinyesi na kwenye ngozi. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi ataharisha na kupona. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee, na mtu mwenye kinga dhaifu wanaweza kupata ugonjwa mkubwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wanashauri nyumba yenye watoto wadogo isilete mnyama huyu.

Nilipopata ujauzito mkunga alituuliza kama tunafuga, tukamwambia. Alituhoji kwa kirefu. Usiku ule tulikaa tukazungumza mpaka saa saba. Bwana wangu alisema mwenyewe, "Wewe na mtoto ndio kwanza. Ukisema aondoke, nitamtafutia pa kwenda." Alianza kupiga simu kwenye vituo vinavyopokea wanyama wa aina hii. Kimoja kilikuwa kimejaa. Kingine kilisema kina iguana wengi walioachwa baada ya kuwa wakubwa, na tutasubiri bila ya kupewa tarehe. Ndipo nilipofahamu kwamba mlango wa kuingilia mnyama huyu ni mpana, na wa kutokea ni tundu la sindano.

Tukaweka utaratibu. Mimi nisiguse mnyama, chombo chake wala mlango wa kizimba. Mboga zake zikatwe na bwana wangu, kwa kisu chake na ubao wake. Vyombo vya Kijani visioshwe jikoni hata siku moja. Bwana wangu akitoka mle aoshe mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, abadilishe nguo, ndipo aje kwetu. Miswala na nguo za sala visiwekwe kabisa upande ule. Mlango ufungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae juu ambapo mtoto hatafika hata akianza kupanda viti. Ni mwaka na miezi minne sasa tangu binti yetu azaliwe, na utaratibu ni uleule. Kama bwana wangu angekuwa mvivu wa kuosha mikono, nakuambieni kweli, Kijani asingekuwa kwetu leo.

Mama alikuja Januari kwa ajili ya arubaini yangu. Bwana wangu alikuwa na wasiwasi chumba cha mgeni hakipo, akasahau kwamba kwetu mzazi halali na mumewe siku zile. Mama alilala na mimi na mtoto, bwana wangu akatandika sebuleni. Kilichomkera Mama kilikuwa kingine. Nje barafu, ndani tunajitanda mablanketi, siku moja akasimama mlangoni kwa Kijani akahisi lile vuguvugu linalotoka chini ya mlango. Akaniita: "Njoo! Mjusi ana joto la Unguja, mimi mama yenu natetemeka?" Tulicheka mpaka mshono ukaniuma.

MPAKA LINI?

Hili ndilo swali la mwisho la somo yangu, na ndilo zito. Kijani ana miaka saba. Mola akimjaalia umri wa kawaida wa iguana anayetunzwa, bado ana miaka minane hadi kumi na mitatu. Binti yangu atakuwa msichana anayejifunga hijabu mwenyewe, na Kijani bado anadai taa na mboga. Tukihama nyumba, anahama. Tukirudi Unguja, je?

Wengi wananiuliza hilo, kwamba si mngemleta tu huku kwenye joto mkamwachia kwenye mwembe? Hapana, wapendwa. Kwanza, iguana wa kijani yumo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea, CITES, kwa hiyo havuki mpaka bila ya vibali. Pili, kumwachia ni dhuluma kwa wengine. Huko Florida, Marekani, iguana waliotoroka na kuachiwa wamezaliana mpaka wanachimba kingo za mifereji, wanakula bustani za watu, na kila baridi kali ikipita wanaganda na kudondoka kutoka mitini. Januari 2020 ofisi ya hali ya hewa ya Miami ilitoa tahadhari watu wasishangae wakiona iguana wanaanguka. Mwaka 2021 jimbo hilo likamwingiza kwenye orodha ya wanyama wasioruhusiwa kufugwa. Puerto Rico na Grand Cayman nao wana shida hiyo hiyo. Sisi Wazanzibari tusihadithiwe jambo hili. Kunguru weusi wanaotusumbua waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kusafisha mji, na mpaka leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu.

Na muda mrefu wa kufuga tunaujua pia. Wale kobe wakubwa wa Changuu tunaowapeleka wageni kupiga nao picha, walianza na kobe wanne walioletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Aliyetoa zawadi kafa, waliopokea wamekufa, serikali zimebadilika, na bado kuna mtu lazima aamke asubuhi akawape majani. Zawadi yenye roho haiishi siku ya sherehe.

England na Wales wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayomtaka kila mwenye mnyama ampe mambo matano: mazingira yanayomfaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kuishi kwa maumbile yake, kukaa na wenziwe au mbali nao kwa kadiri anavyohitaji, na kukingwa na maumivu na maradhi. Nilipoisoma nilikumbuka hadithi tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Mnyama aliyemo ndani ya kizimba hana pa kujitafutia. Riziki yake Mola ameipitisha mikononi mwako, na mikono yako itaulizwa.

Kwa hiyo bi harusi mtarajiwa, kama mchumba wako anafuga, usikimbilie kukataa, na usikimbilie kukubali ili uonekane mwanamke wa kisasa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Omba uoneshwe chumba cha mnyama, hata kwa simu ya video. Angalia kama kizimba ni kisafi, kama taa zinafanya kazi, kama mnyama ana mwili. Uliza bili ya umeme. Uliza nani atamhudumia siku akiugua yeye mwenyewe. Uliza mtoto akija itakuwaje, na usiridhike na jibu la "tutaona". Mwanamme aliyemtunza vizuri kiumbe asiyeweza kumshitaki kwa mtu amekupa ushahidi mkubwa kuliko maneno ya simu. Na aliyemsahau mnyama kwenye kisanduku kidogo bila ya taa amekupa ushahidi pia.

Na wewe unayemtaka kwa sababu umemuona begani mwa mtu, au bwana harusi anataka kukununulia kuwa zawadi, fanya kinyume cha duka. Duka linakupa mnyama kwanza, halafu unatafuta nyumba yake. Wewe jenga kizimba kwanza, cha ukubwa wa mwisho. Washa taa mwezi mzima kikiwa kitupu, ulipie umeme wake, ukifute kila wiki kana kwamba kuna anayeishi ndani. Mwezi ukiisha hujachoka, na daktari umeshampata, na mwenye nyumba ameshaandika idhini, basi usinunue kijusi kipya. Nenda vituo vile nilivyovitaja, uchukue mmoja wa waliokwishaachwa. Ukichoka kabla ya mwezi, umepoteza umeme tu, na roho imesalimika.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu na huruma kwa kila aliyemo ndani yake, mwenye miguu miwili na mwenye minne. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane tena, in shaa Allah.